Milun, Mtoto wa Ubatizo wa Mfalme

Waliokuja kuchomeka vigingi katika shamba la plamu la mzee Milun Trnavac hawakubisha hodi. Walifika asubuhi na gari lenye nembo ya tai mwenye taji ubavuni, wakakatiza ua wa nyumba kana kwamba ni njia ya sokoni, wakaanza kugongelea vijiti vyekundu katikati ya miti. Mzee aliwaona kutoka dirishani. Alipoiona ile nembo, alivua kofia akiwa bado ndani ya nyumba yake mwenyewe, akachukua chupa ya rakia, pombe kali ya plamu zake, na vikombe vidogo, akatoka mbiombio kwa mguu wake mbovu.

"Karibuni, wanangu, karibuni! Mmetoka kwa ndugu zangu?"

Wale vijana watatu walitazamana.

"Tumetoka Ofisi ya Mali za Familia ya Kifalme, mzee," akasema mmoja. "Tunapima."

"Mnapima nini?"

"Hoteli. Ya watu wa kuja kupumzika. Wewe utapewa barua."

Na vikombe wakavipokea! Walikunywa rakia ya mtu huku nyundo ziko mikononi, wakasema ni tamu, wakaendelea kugonga.

Watu wa mjini wakisikia kisa hiki huuliza mzee alikosa nini cha kuwafukuzia, hata ufagio hakuwa nao? Hao hawajui Milun ni nani, wala hawajui ukoo wa kifalme wa Vidaković ulimfanya nini tangu akiwa na siku chache duniani.

Historia ya ukoo huo kila mtu wa kijiji cha Vrela anayo mdomoni. Siku hizi ukiwasikiliza wanaoisimulia kwenye televisheni utadhani walishuka kutoka mbinguni wakiwa wameshavaa mataji. Walianzia zizini. Vidak, wa kwanza wao, alikuwa mchuuzi wa nguruwe aliyewaongoza wakulima wenye mashoka kupigana na askari wa sultani, na wakulima wenyewe walikuwa hawahawa wa Vrela. Mwanawe akajiita mkuu wa nchi. Mjukuu akajivika taji. Ndugu alimpiga ndugu yake risasi kwenye ngazi za kasri kwa sababu ya kiti, vitabu vya shule vikaandika kwamba marehemu aliugua. Kila walipofukuzwa nchini, watu wa Vrela ndio waliowaficha katika maghala ya mahindi, na kila waliporudi, watu wa Vrela ndio waliotandaza majani mabichi barabarani ili farasi wao wasiteleze. Shukrani yao ilikuwa moja tu: mtoto wa kiume wa tisa katika nyumba yoyote ya nchi hii alishikwa na mfalme akibatizwa, naye mfalme akawa baba yake wa ubatizo.

Milun alikuwa wa tisa. Alizaliwa miaka michache kabla ya vita vikuu vya pili, na Mfalme Gavrilo hakutuma ofisa amwakilishe kama alivyofanya kwingine. Alikuja mwenyewe Vrela, akambeba mtoto kanisani kwa mikono yake, akakata kishungi cha nywele, akamvisha shati la kitani. Mtoto akamkojolea juu ya nishani zake. Padri alitaka kufa kwa aibu, lakini mfalme alicheka hadi kofia ikamwanguka, akasema, "Haya, na mimi nimebatizwa." Walipotoka nje alinyoosha kidole kwenye mteremko ulio juu ya kanisa. Kutoka kwenye jiwe jeupe mpaka kijitoni, akasema mbele ya kijiji kizima, ni zawadi ya mtoto wangu wa ubatizo.

Babake Milun hakuomba karatasi. Nani angeomba? Ndugu wa ubatizo hawaandikiani. Undugu huo huku unashinda wa damu. Na ndugu wa damu mnaweza kugombana mkatoana meno, kesho mkakaa meza moja. Lakini na baba wa ubatizo hugombani. Humwinulii sauti, humdai, na zaidi ya yote husimami naye mahakamani, si wewe, si mwanao, si mjukuu wako, kwa sababu undugu huu hupita nyumba kwa nyumba hata wahusika wakifa. Watu huamini kwamba anayeuvunja humliza Mtakatifu Yohana, aliyembatiza Kristo, na nyumba inayomliza Yohana haisimami. Njia ya kutoka ni moja. Baba wa ubatizo mwenyewe, au mkuu wa nyumba yake, akuachilie kwa kinywa chake. Hilo hakuna aliyewahi kulishuhudia Vrela. Kuachiliwa ni aibu kuliko kutukaniwa mama.

Basi babake alipanda plamu. Vita vikaja, mfalme akakimbilia ng'ambo na watoto na vyombo vya fedha, akafia huko. Wakomunisti walipochukua mali zote za mfalme, walipanda hadi kwenye mteremko, wakaikuta miti imeinama kwa matunda na akina Trnavac wako juu ya ngazi, wakaona haya, wakaiacha. Hata wao! Ila katika ramani za serikali mteremko ulibaki na jina la Gavrilo, maana hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Milun alipofikia umri wa kuota ndevu walimwita kwenye ofisi ya usalama. Hawakutaka plamu kwake, walitaka maneno.

"Kijana," ofisa alimwambia, na alikuwa mtu mpole, mwenye kukupa sigara kwanza. "Kuna mkutano Jumapili. Simama useme hivi: Gavrilo si baba yangu wa ubatizo. Basi. Sentensi moja, kisha nenda nyumbani ukale."

"Siwezi, komredi. Alinishika."

"Alikushika ukiwa hujui hata pua yako!"

"Yeye alijua."

Kwa sentensi hiyo aliyoikataa alipewa majira mawili ya baridi ya kuvunja mawe. Vidole vitatu vya mguu wa kulia vilibaki hukohuko. Rafiki yake Tihomir, aliyeitwa kwa jambo lilelile kwa sababu mjomba wake alikuwa mpishi wa kasri, alisema kila alichoambiwa aseme, akaongeza na yake mawili matatu, akarudi nyumbani akala. Tihomir hajawahi kulificha hilo. Mpaka leo humchokoza mwenzake kwenye kilabu cha kijiji: "Milun, mimi vidole vyangu vyote ninavyo. Nikuazime?"

Alirudi, akaoa, akamzaa Dobrila, akamzika mkewe Ruža. Kila mwaka siku ya Mtakatifu Nikola, ambaye ndiye mtakatifu wa nyumba ya Trnavac, meza ilipojaa samaki na mkate wa baraka, kiti cha mbele kiliachwa wazi kwa ajili ya baba wa ubatizo, na glasi ikajazwa mbele yake. Miaka ya hofu walifanya hivyo mapazia yamefungwa. Hofu ilipokwisha walifungua mapazia. Na Mwanamfalme Damjan, kitukuu cha Gavrilo, aliporudi nchini kutoka huko alikozaliwa, akakabidhiwa kasri la mjini, Milun alilia mbele ya televisheni mpaka Dobrila akaizima. Alipakia rakia bora katika kasha la mbao, akapanda basi, akaipeleka mwenyewe hadi langoni. Mlinzi alisema wataifikisha. Hakusikia neno, na hakulaumu. Wana mambo mengi, akasema.

Sasa ndugu hao wakamletea vigingi.

Barua nayo ilikuja. Dobrila, ambaye ni muuguzi mjini na hana subira na upuuzi wa wanaume wa rika lolote, aliisoma akiwa amesimama, koti hajalivua.

"Wanakushtaki. Wanasema umevamia ardhi yao na wanataka uondoke pamoja na nyumba. Baba! Wewe umevamia!"

"Ni msimamizi wa mali zake huyo. Mtoto hajui."

"Mtoto gani? Ana mvi!"

"Damjan hajui, nakwambia. Akijua atamfukuza msimamizi."

Dobrila alipata wakili, na wakili aliona kesi nyepesi. Anayelima ardhi muda wote huo bila kufukuzwa, ardhi ni yake, sheria haihitaji karatasi ya mfalme. Kinachotakiwa ni mzee afike, aseme kwa kinywa chake ameishi pale tangu lini na kwa njia gani. Siku ya kesi ilipofika, Milun alivaa viatu, akavivua, akaenda kupogoa miti. Kesi ikaahirishwa. Mara ya pili akafanya vilevile. Hakimu akatoa onyo kwamba asipoonekana mara ya tatu, siku ya Jumatatu, wanaodai watapewa walichodai.

Ijumaa jioni Dobrila alikuja na basi la mwisho. Alimkuta babake anatoa mbegu kwenye plamu, na Tihomir yuko pembeni anazila plamu zenyewe.

"Jumatatu tunaenda wote," akasema.

"Siendi."

"Wanakushtaki wao, Baba. Si wewe unayewashtaki."

"Na nikisimama pale kujibu, nitakuwa ninafanya nini? Nitakuwa ninagombana na baba yangu wa ubatizo mbele ya watu."

"Baba yako wa ubatizo amekufa! Mifupa yake iko ng'ambo!"

"Nyumba yake haijafa."

"Ndiyo hiyo nyumba inayokutupa nje! Mama amezikwa hapo juu, wataweka bwawa la kuogelea kichwani kwake. Huyo naye Yohana hamlilii?"

Mzee aliizamisha mikono yake ndani ya beseni la plamu.

Tihomir akatema mbegu. "Mimi ningekuwa wewe ningekwenda kumwona."

"Nani?"

"Mwenye mali. Kesho si wanasherehekea miaka mia mbili ya Vidak na nguruwe wake? Kasri liko wazi kwa wote. Nenda ukamwombe kwa Mungu na kwa Mtakatifu Yohana. Akikataa, basi umejua."

"Hawezi kukataa," Milun akasema. "Ombi hilo halikataliwi."

"Si ndiyo maana nakwambia nenda? Ala!"

Alikwenda. Alivaa suti aliyomzikia mkewe, akabeba mkate na chupa bapa ya mbao yenye mapambo, iliyojaa rakia, ambayo huku humwendei ndugu wa ubatizo bila hiyo. Yeye hunywa kwanza, kisha wewe. Dobrila alikwenda naye, mdomo ameufunga kama mfuko.

Bustani ya kasri ilijaa watu. Kulikuwa na wanawake waliovaa kofia za kukodi, bendi ya polisi, picha kubwa ya Vidak akiwa na upanga (nguruwe hawakuchorwa), na foleni ndefu ya wazee wa vijijini waliokuja kumshika mkono mwanamfalme. Damjan mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye meno mazuri, na suti ya rangi ya malai. Kando yake alisimama Bi Senka, mkalimani wake, mwanamke wa hapahapa, maana mwanamfalme lugha ya nchi alikuwa anajua kusema asante na karibu, basi.

Milun alipofika mbele alipiga magoti. Dobrila aligeuza uso.

"Mimi ni Milun wa Trnavac, wa tisa. Babu wa babako alinishika."

Senka akatafsiri. Damjan alifurahi sana. Akamwinua, akampigapiga begani, akasema kitu.

"Anasema ni heshima kubwa," Senka akasema. "Anasema watu kama wewe ndio historia."

"Mwambie wasimamizi wake wamenishtaki kwa shamba alilonipa Gavrilo siku ya ubatizo. Mwambie namwomba, kwa Mungu na kwa Mtakatifu Yohana, aniachie shamba langu."

Wazee waliokuwa nyuma kwenye foleni walisogea karibu. Ombi hilo mtu hulitoa mara moja maishani, na wengine hufa hawajalitoa. Senka alilitafsiri polepole, akaongeza maelezo, na Milun aliona kwamba anatafsiri kwa haki. Mwanamfalme alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akajibu, akitabasamu vilevile.

"Anasema..." Senka alikohoa. "Anasema pole sana. Mambo hayo yako kwa mawakili. Anasema si jambo lake binafsi na wewe, usilichukulie vibaya."

Si jambo lake binafsi! Mtu amepoteza vidole kwa ajili ya jina la babu zako, ameacha kiti wazi maisha yake yote ili uje ukae, unamwambia si jambo lako na yeye? Mzee mmoja kwenye foleni alisema "Lo!" kwa sauti, na Dobrila alipiga hatua mbele ngumi amezikunja, lakini babake alimzuia kwa kiwiko. Uso wa Milun ulikuwa umebadilika. Ule unyenyekevu aliouvaa tangu asubuhi ulikuwa umemtoka, na alionekana mrefu.

"Basi mwambie nina ombi la pili, dogo. Mwambie aniachilie."

Senka alipauka. "Mzee, usinifanye nilitafsiri hilo."

"Litafsiri, mwanangu. Mweleze lote. Mwambie akiniachilia, nyumba yake na yangu si kitu tena. Sitamkalishia kiti, na wanangu hawatamjua. Mwambie jambo hili hapa halijatendwa na mtu. Asije akasema hakuambiwa."

Akaelezwa. Senka alieleza kwa mikono na kwa macho, alieleza kirefu, na alimaliza machozi yakimlengalenga. Mwanamfalme Damjan alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama urefu wa foleni, akatazama saa yake. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwema anayetaka kila mmoja aende nyumbani na furaha.

"Anasema kama ni hilo tu, bila shaka," Senka akanong'ona. "Amekuachilia."

"Aseme mwenyewe. Kwa lugha yetu."

Senka akamfundisha neno moja moja. Naye mrithi wa Vidak, mkuu wa nyumba ya Gavrilo, akayatamka maneno hayo katikati ya bustani ya babu zake, kwa bidii, akijitahidi asikosee: "Nakuachilia, wewe na nyumba yako." Akawatazama watu, akisubiri makofi.

Hakuna aliyepiga. Wazee kwenye foleni walivua kofia, kama wanavyozivua jeneza likipita. Milun alisimama pale akikumbuka yule ofisa mpole wa sigara, mawe, theluji, na sentensi moja. Walimtesa ili aitoe, na hakuitoa. Huyu aliitoa bila kuguswa na mtu, na glasi ya maji ya ndimu mkononi.

Mpiga picha alikuja mbio, na mwanamfalme akamshika mzee bega ili wapigwe. Kisha akanyoosha mkono kuipokea ile chupa bapa, maana alishaambiwa kuwa wanakijiji huleta zawadi. Milun aliirudisha chupa kwapani.

"Hii si yako," akamwambia. Senka hakutafsiri.

Njiani kwenye basi Dobrila aliuweka mkono wake juu ya mkono wa babake. Mzee alitazama nje njia nzima. Walipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja mezani, akakivuta kile kiti cha mbele, akamwita Tihomir aliyekuwa akisubiri habari langoni.

"Kaa."

"Mimi? Mimi niliyemkana?"

"Wewe ulikana ukiwa umeshikwa koo. Kaa, mpumbavu wewe, kabla sijaghairi."

Tihomir alikaa, na safari hii hakuwa na mzaha. Milun akamimina kutoka kwenye chupa bapa, akampa anywe kwanza.

Jumatatu mahakama ilijaa watu wa Vrela, hata waliokuwa hawasemezani. Wakili wa familia ya kifalme alikuwa ameshafungua mkoba wake kwa raha, akitegemea kiti cha mshtakiwa kitakuwa wazi kama kawaida. Alipomwona mzee anaingia na mguu wake mbovu, ameshikwa mkono na binti yake, alianza kupekua karatasi haraka.

Hakimu, mwanamke wa makamo aliyezaliwa bonde la pili kutoka Vrela, alimwita mbele. Aliuliza lile swali ambalo mahakama za huku huuliza kila anayetaka kusema, na aliliuliza taratibu, maana habari za nyumba ya Trnavac nani hazijui.

"Mzee Milun, kabla sijakusikiliza. Una undugu wowote na wanaodai, wa damu, wa ndoa, au wa ubatizo?"

"Nilikuwa nao, mheshimiwa," akasema Milun, kwa sauti iliyofika hadi uani. "Uliisha Jumamosi."

Akaweka kofia yake juu ya meza, akaanza kusema.